Karatasi Niliyompa Zuwena

Joubert Park, Johannesburg, Jumapili mchana

Mwanangu Rehema,

Nimekuona dirishani ukivuka kwenye robot, pale kwenye taa za barabarani, na wenzako wa saluni, mkicheka, mnakwenda kuagana. Nimeifunika cherehani nipate meza ya kuandikia. Naandika kwa herufi kubwa kubwa, maana Kiswahili unakisikia vizuri lakini kukisoma unakwenda polepole. Isome ndani ya basi. Una siku tatu za njia kutoka Park Station mpaka Dar, na kutoka Dar kuna safari nyingine ya Tanga, kwa hiyo hakuna haraka. Ukikwama kwenye neno, litamke kwa sauti, utalijua.

Habari za pasipoti na za kuficha simu mpakani nimekuchosha nazo wiki nzima, sizirudii. Nataka kukuambia jambo nililokuficha tangu ulipoanza kuuliza maswali. Nilitaka nikuambie kwa mdomo. Juzi ulipokuwa unakunja nguo nilianza, "Rehema, kuhusu yule Zuwena," ukanikatiza, "Eish, Mama, usianze tena." Nikaacha. Nilistahili, maana siku ile nilipogundua kwamba mnaandikiana nilianza kwa makelele.

Miezi mitatu, mwanangu. Miezi mitatu wewe na Zuwena mnaandikiana kwenye simu, mnapanga utafikia kwake, utalala chumba gani, na mimi nimekaa hapahapa nashona sketi za shule, sijui lolote. Nilipojua, niliona nimeuzwa na mtoto wangu mwenyewe. Nilikuita majina ambayo mama hamwiti mtoto wake. Ukalia, ukasema, "Si wewe uliniambia ni dada yako? Si wewe uliniambia tulikuwa na mashamba na nyumba ya ghorofa? Nimemtafuta dada yako, kosa langu nini?"

Huna kosa. Ulimtafuta mtu niliyekuambia yupo, katika ukoo niliokuambia ni wetu. Mwongo ni mimi.

Unakumbuka mwalimu wenu wa darasa la nne aliwaambia mchore mlikotoka? Ulichora nyumba nyeupe ya ghorofa, minazi pande zote, na mzee mwenye kilemba amesimama mlangoni. Siku ya wazazi nikaikuta imebandikwa ukutani. Mwalimu akaniambia, "Kumbe mama unatoka kwenye ukoo mkubwa." Nikacheka, nikasema ndiyo. Nyumba ile ipo kweli, Pangani, hatua chache kutoka mtoni. Mimi nilizaliwa kwenye banda lililo nyuma yake. Mzee mwenye kilemba ni babu yake Zuwena. Sisi tulikuwa watu wao.

Huenda huelewi ninaposema watu wao, kwa hiyo nitakueleza.

Babu yake Zuwena alikuwa na mashamba ya miwa na minazi pande zote mbili za mto. Aliyapata kabla Wajerumani hawajaja, na walipokuja, walimwachia. Mashamba yale hayakulimwa na wenyewe. Yalilimwa na watu walionunuliwa, walioletwa kwa miguu kutoka bara, na watoto wao waliozaliwa palepale shambani. Hao waliozaliwa palepale waliitwa wazalia. Bibi yangu mzaa baba, Tabu, alikuwa mzalia. Mama yake aliletwa. Kutoka wapi, sijui, na sijapata kumwona mtu anayejua. Aliitwa Faida, jina alilopewa na aliyemnunua, na neno faida unalijua maana yake.

Mimi nilipozaliwa, utumwa ulikuwa umefutwa zamani. Nchi ilikuwa huru, na shuleni tulifundishwa kwamba watu wote ni sawa. Hakuna aliyetuita watumwa. Tuliitwa watu wa nyumbani. Baba yangu, Feruzi, aliangua nazi za Mzee Salum, baba yake Zuwena. Alipalilia shamba lake na kuziba paa lake. Mama alipika. Tulipewa mahali pa kulima mihogo na mpunga wetu, na hakuna aliyetusumbua. Kitu kimoja tu hatukuruhusiwa, kupanda mnazi. Mihogo unaing'oa ikishakomaa, lakini mnazi unaishi kuliko aliyeupanda, na kwetu mtu mwenye mnazi ana neno juu ya ardhi. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza baba kwa nini jirani zetu wana minazi na sisi hatuna hata mmoja. Akaniambia, "Sisi tunakula ya Mzee." Nikaona tumebahatika, tuna minazi mingi kuliko wote.

Zuwena tumezaliwa mwaka mmoja. Mama yake aliugua sana baada ya kujifungua, maziwa hayakutoka, na mama yangu alikuwa na mimi kifuani, nina miezi miwili. Akaitwa ndani. Ziwa moja nikanyonya mimi, la pili akanyonya Zuwena, karibu mwaka mzima. Katika dini yetu hilo si jambo la mchezo. Watoto walionyonya ziwa moja ni ndugu, hata yeye kuolewa na ndugu yangu wa kiume ni haramu. Kwa hiyo nilipokuambia ni dada yangu, hapo sikukudanganya. Tulilala mkeka mmoja, tuliumwa surua pamoja, na alinifundisha kuendesha baiskeli uani kwao.

Lakini nikuambie na hili. Tulipokuwa na miaka kama minane walikuja wageni kutoka Zanzibar. Nikaketi na Zuwena mkekani, kama siku zote. Shangazi yake alinitazama tu. Mara mama akatoka jikoni, akanishika mkono, akanipa birika na beseni ninawishe wageni mikono. Nikazunguka navyo kwa mmoja mmoja. Nilipofika kwa Zuwena, alinyoosha mikono yake kama wengine nimnawishe, akanikonyeza. Tukacheka wote wawili. Nilidhani ni mchezo. Nadhani yeye pia alidhani ni mchezo, siku ile.

Mzee Salum hakuwa mtu mbaya. Alipozeeka macho yakamwisha, na wanawe wakatawanyika, mmoja Tanga, mwingine Dar. Aliyembakia ni baba yangu. Alimwogesha, alimpeleka msikitini, alimlisha. Siku moja Mzee akamwita baba mbele ya mwalimu wa madrasa na jirani mmoja, akaandikisha karatasi. Ile sehemu ya ng'ambo ya mto, kuanzia kijito mpaka njia ya miguu, amempa Feruzi, apande atakacho, iwe yake na ya watoto wake. Akatia dole gumba. Baba alirudi na karatasi ile ameishika kwa mikono miwili. Akakaa kwenye kizingiti mpaka adhuhuri.

Mwaka ule akapanda minazi arobaini na mmoja. Nilikuwa msichana mkubwa, niko sekondari Tanga, na kila likizo alinipeleka ng'ambo kuitazama. Aliijua mmoja mmoja. Huu ulichelewa, huu uliliwa na fuko ukaota tena. Sijapata kumwona baba yangu akitembea vile mahali pengine popote.

Mzee Salum akafariki. Miaka miwili baadaye baba naye akaugua. Alituita, mimi na mdogo wangu Hamisi, akatoa kopo la biskuti alimoweka karatasi. Akasema, "Karatasi hii haitoki ndani ya nyumba hii. Atakayeitaka, aje aisomee hapa." Akanikabidhi mimi kwa sababu ndiye mkubwa, tena nimesoma.

Hayajapita majira mawili ya mvua, kaka yake Zuwena akaja kutoka Dar na mtu anayetaka kujenga hoteli. Mashamba yote yatauzwa, pamoja na ng'ambo ya mto. Hamisi alikuwa Muheza, kazini kwenye mkonge. Tulikuwa nyumbani mimi na mama. Alasiri Zuwena akaja, amevaa buibui lake, macho mekundu.

"Hawa, kaka anataka kuwatoa," akasema. "Nimepigana naye tangu asubuhi. Anasema hakuna karatasi yoyote, baba hakuandika. Mimi najua aliandika. Nipe niipeleke wilayani kesho mapema, kuna mtu namfahamu, aiandikishe kwenye kitabu cha serikali. Ikishaandikishwa, kaka hana la kufanya."

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akaniuliza, "Baba yako alisema nini?"

Nami nikamjibu, mwanangu, na jibu hili nimelisikia masikioni miaka yote niliyokaa Johannesburg. Nilimwambia, "Mama, si umemnyonyesha wewe mwenyewe?"

Mama akarudi kwenye mchele wake. Nilitumia maziwa yake kumfunga mdomo. Nikafungua kopo, nikamkabidhi Zuwena karatasi. Akanikumbatia, akaondoka.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilifanya vile. Mtu akiniuliza, husema nilimwamini, na ni kweli. Lakini kuna jingine ambalo sijapata kumwambia mtu, nakuambia wewe. Kule sekondari Tanga niliwaambia wasichana wote kwamba Mzee Salum ni babu yangu. Niliiga hata namna ya Zuwena ya kufunga ushungi. Nilimwonea haya baba yangu alipokuja kunitazama na miguu yake yenye nyufa, nikamwambia rafiki yangu kwamba ni mtu wa nyumbani ameleta mzigo. Baba alikuwa amesimama karibu, sijui kama alisikia. Kwa hiyo Zuwena alipokuja alasiri ile, macho mekundu, anazungumza nami kama dada mbele ya mama yangu, nilijisikia nimefika. Kumnyima karatasi kungekuwa kukiri kwamba sisi na wao si wamoja. Nikatoa ardhi ya baba yangu ili nisikiri hilo.

Siku zikapita, wiki zikapita. Kila nikimwuliza, "Bado, yule mtu amesafiri." Kisha tukaletewa samansi ya mahakama.

Mahakama ya mwanzo ilikuwa chumba kidogo chenye madirisha ya mbao, kimejaa watu hadi nje. Hamisi alikuwa amerudi. Mwalimu wa madrasa na yule jirani walioshuhudia walikuwa wameshafariki. Nilimweleza hakimu kwamba karatasi tunayo, ipo kwa Zuwena, yeye mwenyewe ni shahidi. Hakimu akamwita. Akasimama, ushungi umeteremka mpaka kwenye nyusi.

"Unaifahamu karatasi hiyo?"

"Hapana. Sijapata kuiona."

Niliangua kicheko, Rehema. Nilidhani anatania, kama siku ya birika. Hakimu akanikemea.

Kisha kaka yake akatoa daftari la zamani, limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, akasema ni wasia wa babu yao tangu enzi za Mjerumani, unaonyesha mashamba ni ya nani na waliomo ni akina nani. Wakamwita shehe mmoja asome. Akasoma kwa sauti ile wanayosomea khutba. Shamba la ng'ambo ya mto, pamoja na minazi yake na kinu cha kukamulia miwa, apewe mwanangu mkubwa. Ng'ombe kadhaa. Mitungi ya shaba. Halafu watu. Mabruki, Majaliwa, Faida mpishi. "Na mtoto wa Faida, jina lake Tabu, anyonye mpaka aache ziwa, kisha apelekwe mjini awe wa binti yangu."

Bibi Tabu nilimjua. Alifariki nina miaka kumi. Alikuwa na hadithi nyingi za mjini, za nyumba aliyolelewa na vyombo alivyoosha. Habari za mama yake alizitaja mara chache sana, na kila alipomtaja alisema "yule mama wa ng'ambo." Yule mama wa ng'ambo alikuwa akija siku za Ijumaa. Yule mama wa ng'ambo aliniletea miwa. Sisi watoto tulidhani ni jirani fulani. Pale mahakamani, nimesimama mbele ya watu, ndipo nilipojua kwamba alikuwa akimsema mama yake. Mama aliyepewa ndugu mmoja na mtoto aliyepewa ndugu mwingine, kama watu wanavyogawana sufuria.

Hamisi alikuwa amenishika mkono. Akauachia.

Kaka yake Zuwena akaeleza kwa upole kabisa. Watu hawa ni watu wetu tangu mababu, tumewaweka, tumewalisha, hatujawahi kuwafukuza. Walilima kwa hisani yetu. Mtu anayekaa kwa hisani hawezi kudai. Ndipo mama akasimama. Hakuitwa, alisimama tu. Hakumtazama hakimu wala mwenye daftari. Alimtazama Zuwena, akasema, "Mwanangu, sema."

Zuwena akatazama sakafu.

"Zuwena. Mwanangu. Sema ulichokiona."

Hakimu alisubiri, namshukuru kwa hilo, alisubiri. Zuwena hakuinua uso. Mama akakaa.

Hakimu alisema utumwa hautambuliki na sheria ya nchi, na kwamba daftari lile haliwezi kumfanya mtu yeyote kuwa mali ya mwingine. Watu wakaguna kwa kuridhika. Kisha akasema hata hivyo daftari linathibitisha shamba ni la nani, na upande wetu hatujaleta maandishi yoyote. Minazi tuliipanda kwa ruhusa, na ruhusa imekwisha. Ikawa hivyo. Orodha iliyomwandika bibi yangu pamoja na ng'ombe na mitungi ndiyo iliyotumika kumnyang'anya mwanawe. Mbele ya macho yangu, na kwa sababu yangu.

Tulipewa muda wa kuvuna mihogo na kutoka bandani. Mama akahamia chumba cha kupanga kijijini Mwera. Hamisi alinisaidia kubeba vitu vya mwisho, akaweka mzigo chini, akaniambia, "Hukumpa kwa kuwa ulimwamini. Ulimpa kwa kuwa ulitaka kuwa yeye." Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwangu. Mama hakunilaumu hata siku moja. Alinipikia, aliitikia salamu, lakini kuzungumza nami kama zamani aliacha. Ningemshukuru kama angenipiga.

Nikakimbia. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa anakuja huku kutafuta kazi, akanioa, nikamfuata. Nilijiambia nakwenda kutafuta riziki nimjengee mama. Ukweli ni kwamba sikuweza tena kukaa chumba kimoja na ukimya wake. Tulikuwa Hillbrow, chumba kimoja familia tatu, nilipopata barua kwamba mama amefariki. Ilikuwa imechelewa mwezi mzima. Amekufa na mimi sijamwambia neno moja, nisamehe. Nilikuwa nikingoja aanze yeye.

Halafu ukazaliwa wewe. Ulipoanza kuuliza "Mama, kwetu ni wapi," ningekujibu nini? Hapa kila siku unaitwa mgeni, darasani wanacheka jina lako. Nilitaka uwe na nyumba kubwa mahali fulani, hata kama iko mbali. Nikakupa ile ya ghorofa. Nikafanya kwako kilekile nilichokifanya sekondari, nikamtoa baba yangu mlangoni, nikamweka mzee wa watu. Na ulipokwama baada ya matriki, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, kwa sababu ya makaratasi ya ukaazi, umekaa saluni unasuka nywele na matokeo yako mazuri yako kabatini, ukaamua mwenyewe kwenda kusomea uuguzi nchini kwa mama yako. Ukatafuta ndugu wa kukupokea, ukampata ndugu niliyekutungia.

Alhamisi ulipokuwa kazini nikampigia Zuwena. Namba niliichukua kwenye simu yako, unisamehe na hilo. Jirani yetu Mama Furaha alikuwa ameniambia kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Mwache mutoto aende, dada, huku atazeekea saluni." Nikasema sawa, lakini kwanza nisikie sauti ya yule anayekwenda kwake.

"Hawa!" akasema. "Sauti yako haijazeeka."

Nikakaa kitandani. Baada ya yote yale, sehemu moja ya moyo wangu ilifurahi. Nikuambie ukweli, ilifurahi.

Nikamwuliza, "Karatasi uliifanyia nini?"

"Mambo ya zamani hayo, mwenzangu. Kaka mwenyewe ameshakufa. Na hoteli haikujengwa. Kule ng'ambo ni majani matupu."

"Minazi?"

"Walikata yote kwanza."

"Karatasi, Zuwena."

Nikamsikia akivuta pumzi. "Nilimpa kaka siku ileile. Aliniambia nisipoileta, hii nyumba ya Tanga hanipi. Ningefanya nini? Mume alikuwa ameniacha, nilikuwa na watoto wawili wadogo."

"Mama alisimama akakuita mwanangu."

"Nilimsikia," akasema. "Namsikia mpaka leo." Nadhani alikuwa analia. Nikawa karibu kumsamehe, Rehema. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ndipo akapenga kamasi, akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Basi mtoto aje. Miguu yangu inavimba, siwezi kusimama jikoni, na wasichana wa kazi siku hizi hawakai. Bora mtu wetu wa nyumbani. Asubuhi atanishikia mambo yangu, na mchana akipenda aende huko chuoni."

Nikamwuliza kama amekuambia hivyo.

"Si ataona akifika," akasema. Hakusema kwa ubaya. Ndilo lililonishtua. Alisema kama mtu anayezungumzia kitu ambacho hakina mjadala.

Kile chumba chenye mlango wake peke yake, ulichonionyesha picha yake ukafurahi utakuwa huru, ni banda la uani.

Kwa hiyo sasa unajua. Sikukatazi kumwona. Ni kweli tulinyonya ziwa moja, na huenda ana mambo ya kukuambia kuhusu bibi yako ambayo mimi siwezi. Nenda ukamsalimu, ukae naye, umsikilize. Ukitaka hata kumpenda, mpende, mimi mwenyewe sijaweza kuacha. Lakini usifikie kwake na begi lako. Na siku utakapojiona unampa mtu kitu ili akuone wa kwao, simama kidogo. Mimi sikusimama, na hata hivyo sikuwa wa kwao.

Baada ya kumkatia simu Zuwena nilikaa muda mrefu, kisha nikapiga simu nyingine, Tanga hukohuko. Namba ya Hamisi ninayo tangu mwaka ule wa vurugu za kuwapiga wageni hapa Johannesburg, 2015, watu wa kwetu walipokuwa wanatafutana kujua nani mzima. Sikuwahi kuthubutu kuipiga. Mjomba wako, nimesikia, ana karakana ya useremala Ngamiani, ana mke na wasichana watatu, mmoja anasoma chuo hichohicho unachokwenda wewe. Nilipotaja jina langu nikasikia randa ikisimama. Nikamweleza yote, kwamba nina binti, kwamba nimemdanganya, kwamba anajiandaa kwenda kwa Zuwena kuwa mtu wa nyumbani. Nikamwomba amsaidie hata kumtafutia chumba.

Nikasikia akiweka randa chini.

"Mtoto aje," akasema. "Atalala na wanangu. Nitakuwa stendi." Kisha akaongeza, "Wewe sijakwambia uje."

Akakata.

Nimeyarudia maneno hayo siku tatu hizi nikishona, na sina kinyongo nayo. Ni ya kwanza aliyoniambia tangu tulipobeba mizigo ya mama. Utamjua stendi, amefanana na wewe kwenye paji la uso. Ni mkali wa sura. Usimtetee mama yako kwake, na asipokutajia habari zangu usimlazimishe.

Sikuombi unisamehe kabla ya basi kuondoka. Utakapofika hapa kwenye barua utakuwa umeshavuka mpaka, mimi siwezi kukushika mkono, na una haki ya kukasirika njia nzima. Kasirika. Ila nakuomba jambo moja. Mama yangu alinyamaza akafa, nami nikanyamaza nikimngoja. Wewe usininyamazie. Ukifika kwa mjomba wako nipigie, hata iwe ya kunigombeza, hata uanze na tusi. Nitapokea.

Mama yako,
Hawa binti Feruzi